Suruali Yangu ya Harusi na Pikipiki ya Theluji

Kuna watu hapa Spånga, Sweden, ambao mpaka leo tukikutana dukani huniangalia kwanza nyuma, halafu ndiyo usoni, na siwalaumu, maana nyuma yangu waliiona kabla hawajalijua jina langu. Nimekaa na aibu hii miaka mingi. Leo naitoa, chekeni mkitaka, ila mkishacheka mnionee na huruma kidogo.

Ilikuwa Februari, miaka ile ambayo bado tulikuwa tunanunua kadi za kukwangua ili kupiga simu nyumbani. Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita kwa mzee mmoja anaitwa Lennart, ana karakana ndogo nyuma ya stesheni, kiangazi anatengeneza injini za boti na baridi ikiingia anatengeneza pikipiki za theluji, zile zenye mkanda nyuma na mbao mbili za kutelezea mbele. Majaribio yangu yalikuwa yanaisha Jumamosi. Lennart alishaniambia, mambo yakienda vizuri siku hiyo tunasaini mkataba wa kudumu, na mkataba huo ndio karatasi pekee iliyokuwa inasubiriwa na watu wa Uhamiaji ili mke wangu Neema na binti yetu Tumaini waruhusiwe kutoka Morogoro kuja kuishi nami. Tumaini nilimwacha ana miezi mitatu. Sasa alikuwa na miaka miwili, na sauti yangu alikuwa anaijua kwenye simu tu, tena siku ambazo hakuwa amelala.

Basi Alhamisi asubuhi Lennart akaniletea pikipiki ya Bi Gunnel, muuguzi mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu ambaye nyonga zake ni mbovu, bila kiti chenye joto hawezi kuendesha hata dakika kumi.

"Kiti hakipati joto," Lennart akasema. "Utaweza?"

"Hakuna shida."

"Ukikwama niite, nipo hapo ofisini."

"Hakuna shida," nikarudia, na hapo ndipo nilipokitia mchanga kitumbua changu mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze. Mimi ni fundi mtoto wa fundi, kwetu tulikuwa tunatengeneza pasi na redio barazani, na fundi akimwambia mteja "sijui" basi mteja huyo anabeba pasi yake anavuka barabara kwa fundi mwingine, na kesho anahamisha mtaa mzima. Kwa hiyo tumezoea kusema hakuna shida kwanza, shida yenyewe tunaitafuta baadaye, peke yetu, mteja akishaondoka. Kiti cha pikipiki ya theluji sikuwa nimewahi kukifungua maishani mwangu. Ofisi ya Lennart ilikuwa hatua nane kutoka nilipopiga magoti (nilikuja kuzihesabu baadaye, kwa uchungu).

Nikaangalia fyuzi, nzima. Swichi inawaka taa. Nikang'oa kiti, nikachomoa plagi yake, ndani imeota kutu ya kijani, nikaifuta vizuri kwa ncha ya shati na kuichomeka tena, wala sikuifikiria zaidi. Kisha nikabandua ngozi ya kiti, na chini ya sponji nikakuta kidude bapa, mviringo kama biskuti, nyaya mbili zinaingia. Nikakipima kwa kipima umeme. Kimya. Nikageuza nyaya, kimya. Nikasema, nimekukamata, marehemu ni wewe. Nikakikata, nikakitupa kwenye pipa, nikaziunga zile nyaya mbili moja kwa moja na kuzifunga tepu, kama tulivyokuwa tunafanya barazani pasi ikifa kile cha kupimia joto. Nikawasha, nikakalia. Joto! Nikapiga mluzi. Lennart akatoa kichwa mlangoni, "Vipi, unahitaji msaada?" Nikamwambia imeisha hiyo, hakuna shida.

Jumamosi ilikuwa siku ya wateja. Kila mwaka Lennart hupanga mashine nje kwenye theluji, anaweka kahawa na maandazi ya mdalasini, watu wanazungukazunguka. Mimi kwa kichwa kuvimba nikawaalika wenzangu wa ibada ya Kiswahili, wakaja na mwalimu wetu wa kwaya, Mzee Nduwimana wa Burundi, na kamera yake. Na mimi nikavaa suti yangu ya harusi, ya polista inayong'aa, kwa sababu mtu hasaini maisha ya familia yake akiwa na ovaroli.

Mkataba niliuona kwa macho yangu, ulikuwa mezani kando ya chupa ya kahawa, kalamu juu yake.

Lennart akawasha injini ya Bi Gunnel iungurume ipate moto. Mimi kwa wema wangu nikabonyeza swichi ya kiti mpaka mwisho ili mama wa watu akute pamoto, nikakifunika turubai theluji isikilowanishe, nikaenda kunywa kahawa. Nusu saa nzima.

Mzee Nduwimana akaniita. "Ikala hapo juu, bwana, nikupige foto, bibi yako aone!" (Bibi kwao ni mke.) Nikafunua turubai, nikakaa kama chifu. Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele, Wasweden wakageuka, Bi Gunnel na Lennart wakasogea karibu.

Sekunde za kwanza palikuwa patamu. Za pili pakawa pachungu.

"Kina joto?" Bi Gunnel akaniuliza.

"Kinafaa kabisa," nikamjibu, machozi yananilenga.

"Ngoja," Mzee Nduwimana akasema, "theluji imeingia ku kamera," akaanza kuifuta na kitambaa, taratibu, kwa upendo, na mimi nimekaa. Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Kuinuka ni kukiri kwamba kiti kina shida, na mkataba uko pale, na Lennart ananitazama, basi nikatabasamu huku naungua, naapa nilitabasamu.

Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyesema, "Kuna kitu kinaungua hapa." Nikaruka. Mimi nikaruka, suruali haikuruka, kipande cha ukubwa wa sahani kilibaki kimeyeyukia kwenye kiti, na suruali ya sufu ya ndani, nyekundu, ikiwa na tundu lake, ikawageukia wateja wote. Bi Gunnel akatupa kikombe chake, akanishika mabega kwa mikono ya uuguzi wa miaka arobaini na kunikalisha kwenye theluji. "Kaa! Usisogee!" Nikakaa. Lennart akazima injini na kukimwagia theluji kwa koleo kile kiti kilichokuwa kinafuka moshi. Vigelegele vilikuwa vimekatikia njiani. Wasweden walitazama ndani ya vikombe vyao kwa adabu, na hiyo adabu iliniumiza kuliko moto.

Watu walipoondoka, Lennart alinipa ovaroli, akafungua kiti, akaona tepu yangu. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye pipa, akakitoa kile kidude, akakiunga kwenye kipima umeme na kukibonyeza kwa dole gumba. Kikalia piii. Akaachia, kimya. Akabonyeza, piii.

"Kinapitisha umeme mtu akikaa," akasema. "Akiinuka kinakata. Ulikipima hakuna aliyekaa."

Kisha akauliza kama plagi ilikuwa na kutu. Nikasema ilikuwa nayo, niliifuta.

"Basi kiti ulishakitengeneza. Alhamisi, kabla hujakata chochote." Akakizima kipima umeme. "Nilikupa nafasi mara tatu. Kosa la kiti nakusamehe. Ila mtu asiyesema kwamba amekwama, siwezi kumwachia mashine za watu."

Akachukua ule mkataba, akaurudisha kwenye droo. Nilitamani anitukane.

Mchana ule ule Neema akanibipu, nikampigia. Alikuwa ameshaaga kazini kwake. "Vipi, baba Tumaini, umesaini?" Na mimi, nimesimama kwa sababu kukaa siwezi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hakuna shida." Akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Ilinichukua siku nne kupata ujasiri wa kumpigia tena.

Siku hizi nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui, hata nikiulizwa njia na mgeni stesheni nasema sijui, kwa sauti, mpaka watu wanageuka. Kazi nyingine niliipata, ya kudumu, lakini ilikuja baada ya miaka miwili na nusu. Nikaenda uwanja wa ndege kuwapokea. Neema alilia. Tumaini alishuka kwenye toroli ya mizigo, msichana mrefu, ananyonya kola ya koti lake, mama yake akamwambia salimia. Akanitazama vizuri, kwa heshima zote alizofundishwa, akaniambia, "Shikamoo, mjomba."

Nikaitikia marahaba.