Mwenyekiti wa Kwai na Kura ya Wajerumani

Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025, Wajerumani walipochagua bunge lao, Dorkasi Shechambo wa Kwai, kijiji cha milima ya Usambara, alikuwa amekaa kwenye benchi la shule moja ya huko, amevaa makoti mawili, akiwatazama wakipiga kura.

Usharika wa Kilutheri wa huko, ulio rafiki wa ule wa Kwai, ulikuwa umemwalika kwa wiki tatu akaone ufugaji. Uchaguzi aliukuta tu.

Dorkasi ana miaka hamsini na tisa, ng'ombe wanne wa maziwa, na dume la kisasa ambalo ndilo pekee lililobaki Kwai. Kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Kikundi kilichagua kwa wanachama kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka, mchana kweupe, na hakuna mwenye ng'ombe anayesubiri dume aliyewahi kuonekana kwenye mstari mwingine.

Aliporudi Machi, mkutano ulimwomba asimulie. Alisimulia saa nzima.

"Hakuna muziki, hakuna kofia, hakuna khanga. Mtu kaingia kituoni na mbwa wake, hakuna aliyemfukuza."

"Na mbwa naye alipiga?" aliuliza Idrisa, anayepeleka maziwa Lushoto.

"Nyamaza, mgosi, mwanaume mzima wewe. Vidole hawapaki wino. Jioni wanamwaga kura mezani, anayetaka anakaa kutazama. Mimi mgeni nilikaa, sikuulizwa natafuta nini."

"Bibi uliyefikia kwake alimchagua nani?" aliuliza mwingine.

"Hakuniambia. Hata mumewe hajui! Na si uchaguzi mkubwa tu. Kwaya yao inachagua mwenyekiti kwa karatasi, nyuma ya ubao, kila mtu na siri yake. Huo ndio ustaarabu."

Fanueli, katibu, mtu mpole ambaye Dorkasi alikuwa amemshinda mara mbili, alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Nimeongeza. Nasema hivi, kwa heshima ya safari yako, mwaka huu na sisi tuchague kama kwaya ile."

Makofi yalikuwa mengi mno. Dorkasi angekataa vipi, baada ya sifa za saa nzima? Alikubali, na khanga ya kuzibia kona ya kupigia kura akaitoa mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata walipiga kura kwenye chumba cha kupokelea maziwa. Sanduku lilikuwa keni la maziwa lenye mfuniko. Kabla ya kuanza, Dorkasi aliwakumbusha wanachama kwamba dume halijambo. Ukiondoa yeye na Fanueli, mpinzani wake tena, wanachama wote ishirini na tisa walikuwa wamemwahidi kura, Idrisa mara mbili.

Keni likamwagwa mezani, watu wakakaa kutazama, kama alivyowafundisha. Fanueli ishirini na mbili, Dorkasi tisa.

"Mama, mimi nilikupa wewe," Tabitha, jirani yake, alimnong'oneza.

Baada ya Tabitha walikuja wengine kumi na sita kunong'ona hivyo hivyo. Dorkasi aliwahesabu.

"Yaani nimepanda ndege kwenda kuifuata kura ya siri," alisema akikunja khanga yake, "nikaileta kwa mikono yangu."

"Pole, mama," alisema Idrisa. "Lakini ni ustaarabu."

Fanueli anakabidhiwa muhuri wa kikundi Jumatatu. Ng'ombe wake anatarajiwa kuingia joto na kutaka dume wiki hiyo hiyo, naye atampeleka kwa Dorkasi.