Inanga Iliyokataa Kukauka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Rumonge, nilimzuia baba yangu asivuke ziwa, na silaha yangu ilikuwa mawese ya kupikia.

Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mimi, Papa na Bibi, mama yake. Mama yangu tulimzika kule kule. Shamba letu la michikichi tulilikuta na watu wengine, tena si watu wabaya, na Papa akaamua kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kutafuta kazi na kupiga inanga kwenye harusi. Inanga yenyewe alikuwa anaichonga uani: ubao mrefu uliochimbwa kama beseni. Aliupaka maji ya magome na tope jeusi mpaka rangi ikakolea, kisha mawese yaliyochemshwa, kidogo kidogo, akisugua kwa kitambaa. Nyuzi angefunga mwisho.

"Ikikauka ninaenda," alisema.

Bibi akaongeza lake. Kitu kibichi cha mafuta hakivushwi ziwa. "Ziwa linasikia harufu, linakuja kukichukua pamoja na mwenye kukibeba." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Kila mchana Papa akienda ufukweni kuulizia boti, nilichovya vidole kwenye chupa ya jikoni nikapaka. Jioni aligusa ubao, akatazama kidole chake chekundu.

"Iko mubichi bado."

"Iko mubichi, Papa," niliitikia, bila hata haya.

Boti ziliondoka bila yeye. Bibi alilalamika kwamba chupa inashuka mbio, akawasingizia panya. Lakini mawese ya jikoni, yasiyochemshwa, hayakauki, yanachacha tu. Sisimizi waliingia ndani ya inanga, rangi ikafanya mabaka, na nilijua naiharibu kazi ya mikono yake. Siku ya kumi na mbili nikaionea huruma. Sikupaka.

Jioni ile Papa aligusa ubao kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Sawa," alisema.

Asubuhi aliondoka na mfuko mmoja. Inanga ilikuwa bado inanata, akaiegemeza ukutani, akaniambia nibaki nayo. Kalemie alipata kazi, halafu mke, halafu watoto. Simu zikawa za Noeli, na baadaye hata Noeli ikapita kimya. Bibi aliniapia kwamba ziwa lilimwachia kwa sababu hakubeba kibichi, na mimi niliamini, kwa kuwa sikuwa na faraja nyingine. Upweke wa miaka ile sitaki kuupamba. Nilikula na Bibi, nikalala na Bibi, na sikuzungumza na mtu mwingine.

Bibi aliniambia mengine alipokuwa kitandani, karibu na mwisho wake.

"Baba yako alijua tangu siku ya pili. Aliona alama za vidole vyako. Nilitaka kukuchapa, akasema, mama, acha mutoto apake."

Miaka yote nilijiona mjanja aliyeshindwa. Kumbe kila jioni alikuwa anatafuta alama zangu kwenye ubao, apate sababu ya kubaki siku moja zaidi, na mimi nilimpa mara kumi na moja. Siku ile ya mwisho aligusa, akatafuta, hakuona kitu kipya. Mimi nilikuwa nimehurumia ubao. Yeye, nadhani, aliona nimemruhusu kwenda.