Sanduku Kwenye Pembe ya Wahenga

Bakoly hakuwahi kukiona kitu kikuukuu akakipita. Makopo ya maziwa kwake ni taa, magunia ya mchele ni mapazia, na mlango wa kabati la marehemu fulani ndio meza anayolia wali mpaka leo. Majirani wa mtaa wa Isotry walimcheka, kisha wakaja kuazima. Basi alipolikuta lile sanduku jembamba la mbao nyekundu chini ya rundo la masufuria kwenye mitumba, hakuuliza lilikotoka. Alijitwika kichwani, akapanda nalo ngazi zote mpaka kwake huku akitabasamu peke yake.

Alilipiga msasa, akalipaka nta, akalisugua mpaka likang'aa. Matundu ya kamba ya huku na huku akayatia vishikio vya ngozi. Kwenye kona ya ndani kulikuwa na nyuzinyuzi za hariri zilizong'ang'ania, akazibandua kwa ncha ya kisu akatupa. Ndani akabandika kitambaa cha maua, akapanga vitambaa vya meza alivyovitarizi kwa mkono wake. Kisha akaliweka sebuleni, pembe ya kaskazini-mashariki, maana ndiko liingiako jua la asubuhi. Pembe ile ni ya wahenga, si ya vyombo, hata mtoto mdogo anajua. Lakini ukipenda, chongo utaita kengeza, na Bakoly alikuwa amependa.

Jumamosi ile wakwe walikuwa wanakuja. Haja, kijana aliyempenda binti yake Faniry, alikuwa amepata kazi kisiwa cha Reunion na ndege yake ilikuwa wiki ijayo. Posa ikipita leo, wangeoana upesi waondoke pamoja. Isipopita, kijana angeondoka peke yake, na Faniry, ambaye tumbo lilikwisha kuanza kuonekana, angebaki na midomo ya mtaa.

Solo, kaka yake Bakoly, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao. Alifika, akavua viatu, akaliona sanduku, akakauka pale pale.

"Dada, nini hiki?"

"Sanduku la vitambaa. Zuri, eti?"

"Zuri la wapi. Hili ni la mifupa." Akagusa vishikio. "Mtu akifia mbali, hurudishwa kaburini kwao humu. Hapa ndipo panapopita kamba. Wewe umetia vitambaa vya kuwafutia wakwe midomo."

Bakoly akakikumbuka kile kisu. Zile nyuzi za hariri alizozitupa zilikuwa za sanda ya mtu. Akalishika alitoe nje, lakini ngazini kulikwisha kusikika kikohozi na vicheko. Wakwe walikuwa wanapanda, na nyumba ile ina mlango mmoja tu wa kutokea. Solo akavua shali yake nyeupe ya hariri, akalifunika. Haraka haraka haina baraka, jamani. Angeliacha wazi lingekuwa sanduku tu!

Mzee Ratovo, mjomba wa Haja na msemaji wao, ndiye aliyeingia kwanza. Alikuja na methali zake tayari, zile za kuomba msamaha kabla mtu hajakosea. Akaliona sanduku jembamba kwenye pembe ya wahenga, limevishwa hariri kama marehemu. Akavua kofia. Na wote waliokuwa nyuma yake wakavua.

"Poleni, wenyeji," alisema taratibu. "Hatukuambiwa kuna mgeni aliye njiani kwenda kaburini. Hatuwezi kuposa mbele ya mtu ambaye hajalazwa. Apumzishwe kwanza, nasi tutarudi."

Faniry alisimama mlango wa jikoni na sinia mikononi, akimtazama mama yake.

Solo akamnong'oneza dada yake, "Kubali. Sema ni baba mdogo. Tutoke na heshima zetu."

Ilikuwa njia nyepesi, na uongo wenyewe wageni walikwisha kuuleta, yeye wa kuitikia tu. Lakini ndege haimngoji mtu. Tena kumpa jina la ukoo maiti asiyemjua, kwenye pembe ile, Bakoly aliliogopa hilo kuliko aibu. Akapiga magoti, akaivuta shali, akafungua kifuniko.

"Hamna mtu humu," alisema. "Ni vitambaa vya meza. Nimelinunua kwenye mitumba, sikujua la nini. Kosa ni langu, si la mtoto."

Mzee Ratovo aliitazama kofia yake, akaivaa kwa nguvu.

"Nimevulia kofia matambara," alisema. "Nimesema mbele za watu maisha yangu yote, sijapata kufanywa mjinga namna hii. Twendeni."

Akageukia mlango. Haja hakusogea. Faniry alikuwa analia bila sauti.

"Ratovo, kaa chini." Alikuwa Bibi Razafy, nyanya yake Haja, bado anatweta kwa ajili ya ngazi. "Umelivulia kofia sanduku lililombeba mtu. Umepungukiwa nini?"

Alijikongoja mpaka pembeni, akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Mume wangu alirudi kutoka Toliara ndani ya moja kama hili. Tukamlaza, tukala, tukacheza ngoma. Sanduku nikaliacha nje ya kaburi na sikugeuka nyuma. Leo tunamshangaa mama huyu aliyeliokota sokoni. Aliyelitupa je?"

Bibi akavitoa vitambaa kimoja kimoja, akamwekea Bakoly mapajani.

"Una mkono mzuri," alimwambia. "Lakini hili halilali humu. Linakwenda kwenye kaburi letu kule kilimani likapumzike, sasa hivi, kabla hatujala."

"Niwaite vijana walibebe?" aliuliza Solo.

"Vijana wa nini? Hili hubebwa na ndugu." Akashika kishikio cha upande wake, akamtazama Bakoly aliyekuwa bado amepiga magoti. "Inuka, mkwe. Shika huko."