Leso ya Mama Melini

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Hoteli ninayofulia mashuka hapa Malindi ilitualika wafanyakazi na wazazi wetu tule chakula cha jioni katika meli ya watalii. Tuliambiwa kwamba usiku ule watu huvalia. Huvalia nini? Sikuuliza. Mjuaji haulizi.

Mamangu akaja kutoka Adu amejifunga leso zake za sherehe. Nikaruka. "Mama, melini watakucheka!"

"Mwanangu we, leso ina aibu gani?"

Sikumsikia. Nilimwazimia gauni refu la harusini na viatu vya visigino, kwa kuwa sikutaka mtu amdharau mamangu. Mimi nikavaa suti ya sufu ya mjomba, jasho likinitiririka hadi soksini. Mama alipanda ngazi ya meli akichechemea, nami nyuma yake nikitembea kama waziri.

Kuingia ukumbini, loo! Wazungu wote, pamoja na nahodha wetu Mswahili, wamejifunga leso na vikoi. Ilikuwa karamu ya mavazi ya pwani!

Mama alinitazama, akavua viatu, akafungua gauni. Kumbe ndani alikuwa na leso zake! Ukumbi mzima ukampigia makofi, na nahodha akamkaribisha kando yake.

"Na huyu mwenye koti, mama, ni mlinzi wako?" akauliza.

"Ni mwanangu," mama akajibu, kila meza ikisikia. "Nilimbeba mgongoni kwa leso hii hii, na leo anaionea haya."