Katoni ya Katikati

Mwandishi niliyemchagua kwa tasnifu yangu ya uzamili aliandika riwaya zaidi ya arobaini, zote kuhusu mji mmoja mdogo wa wakulima wa tumbaku, kando ya mto, kusini mwa Marekani. Kwa kuwa muda haukutosha kuzisoma zote, nilisoma sita za mwanzo na sita za mwisho. Badiliko lolote, nilijiambia, lingejitokeza kwenye ncha mbili. Nikagundua kwamba mlango wa kanisa, ambao mwanzoni ulitazama mto, mwishoni unatazama mlima. Nikaandika katika tanbihi: mwandishi amejisahau. Nikakusanya makosa mengine ya aina hiyo, nikajenga juu yake sura nzima.

Msimamizi wangu hapa Guangzhou, China, aliirudisha na swali moja: "Na za katikati?" Jopo la watahini lingekutana baada ya wiki tatu, na kama ningeshindwa, ningerudi nyumbani bila shahada. Siku hiyo nilikipita kituo changu cha metro, Sanyuanli, bila kujua.

Kesho yake nilikuwa Liuhua, soko la jumla la viatu, nikimtafsiria mfanyabiashara wa viatu kutoka Dar es Salaam, mama ninayemwita shangazi. Laoban, yaani mwenye duka, alifungua katoni ya juu, akatoa kiatu kinachong'aa.

"Mwambie hicho ni cha kupigia picha," shangazi alisema. "Ateremshe ile ya katikati."

Nikatafsiri. Laoban akacheka, akasema zote ni sawa.

"Kama ni sawa, anaogopa nini? Mwambie hivyo hivyo, Profesa, usimrembee maneno."

Katoni ikateremshwa. Shangazi akatumbukiza mkono hadi kiwikoni, akachomoa kiatu, akakikunja. Soli ikabanduka.

"Ya juu wanaipanga," akaniambia, "na ya chini wanajua utaigeuza. Mtu hujisahau katikati."

Nilikipokea kile kiatu. Aliyejisahau katikati nilikuwa mimi.

Nilizisoma riwaya za katikati usiku na mchana, moja baada ya nyingine. Katika ya kumi na tisa, bwawa linajengwa, bonde linafunikwa na maji, mji unahamishiwa mlimani. Wakati wa kulijenga upya kanisa, mjane mmoja anakataa mlango uelekee maji yaliyofunika kaburi la mumewe. Wanaugeuza. Mwandishi hakuwa amesahau chochote. Niliifuta sura yangu, tanbihi na yote, nikaandika nyingine inayoanzia kwa mjane yule.

Siku ya jopo, mwenyekiti aliifungua tasnifu katikati, akaniambia nieleze kuanzia pale. Nilieleza bila kutazama karatasi.

Nilipotoka nilimpigia shangazi.

"Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Walifungua wapi?"

"Katikati, shangazi."

"Ala! Basi hao nawataka Liuhua."