Lifti Niliyoiwekea Nadhiri

Lifti ilipokufa, mama yangu alikuwa juu, ghorofa ya tano, na magoti yake yale yasiyoweza ngazi. Nilimtoa Mombasa aje tuishi pamoja huku ughaibuni, nikaishia kumfungia. Mtaa wetu wa Al Twar wote aliuona kupitia dirishani: msikiti, duka la mikate, paka wa jirani. Narudi kazini, namkuta pale pale nilipomwacha asubuhi. Iliniuma, wallahi. Kila nikimpigia msimamizi wa jengo, jibu ni inshallah, mpaka neno lenyewe likaanza kunitia hasira, Mungu anisamehe.

Ndipo nikaweka nadhiri: lifti ikipona, jengo zima litakula biriani yangu.

Hawakuitengeneza. Walileta mpya, ina kioo kizima na sauti ya mwanamke inayotaja ghorofa. Wakatandika marumaru mlangoni, wakaweka na chumba cha mazoezi ambacho sijapata kumwona mtu akitokwa jasho ndani yake. Nami nikapika masufuria mawili, nikagonga milango yote kwa mbwembwe. Mama alishuka, akakaa pale chini kwenye kiti akigawa sahani, anacheka na kila mtu. Msimamizi alikula mara mbili, akaomba na achari.

Haukupita muda, ikaja notisi ya kodi mpya, iliyonizidi uwezo. Hapa mwenye nyumba hapandishi anavyojisikia. Kuna kipimo cha serikali kinachopanga kodi kwa daraja la jengo. Ila jengo likifanyiwa matengenezo makubwa hupanda daraja, na kodi nayo hupanda. Nikamwendea msimamizi na notisi yangu mkononi.

"Si ninyi mliokuwa mkilia lifti, lifti?" akaniuliza. "Khalas, basi, mmepata."

Lo! Nilijipalia makaa mwenyewe, tena kwa biriani.

Ningekuwa peke yangu, ningehamia chumba cha kushirikiana na wenzangu. Lakini kibali cha mama kuishi hapa kilitaka mkataba wa nyumba nzima kwa jina langu. Nikazunguka kutafuta nyumba mpaka mtaa wa Qusais, kote bei imepaa. Kukaa siwezi, kuhama siwezi. Nililia chooni mama asinisikie, kisha nikamkatia tiketi moja ya Mombasa.

Siku ya safari mama alibonyeza kitufe mwenyewe, alishajifunza. Akatengeneza mtandio wake kwenye kile kioo. Mimi nimeshika begi lake.

"Mwanangu," akasema, mlango ukijifunga, "afadhali ingebaki mbovu."