Santuri za Mize na Kaburi Lililorefushwa

Mimi ni fundi cherehani, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba si mmbeya. Nimekaa barazani kwangu hapa kisiwani Chole miaka ishirini na sita, uso kwa uso na ua wa Mwanasiti, na yote niliyoyasikia kutoka uani kwake nimeyasikia kwa sababu masikio hayana vifungo. Wanaosema kwamba mimi, Muhsin, ndiye niliyeua mtu Alhamisi ile wanatia chumvi. Nilisikia kilio, nikafanya anavyofanya muungwana. Lakini kwanza niwaeleze Mize ni nani, maana bila yeye kusingekuwa na kilio wala kaburi.

Mize ni binti wa Mwanasiti. Ana miaka ishirini na mbili, kamaliza kidato cha nne, Kiingereza alipata D, na maji yakipwa anafunga mwani kwenye kamba pamoja na mama yake. Ukikutana naye njiani atakuamkia vizuri, "Shikamoo, ami," nawe utaitika marahaba na kumsahau. Wenzake wanasikiliza singeli kwenye simu. Yeye anasikiliza wanaume wa Kimarekani waliokufa zamani.

Wanaume hao waliletwa na baba yake, Suleimani, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya wageni kule Utende. Mwenye hoteli alipofunga akarudi kwao, alimwachia sanduku la santuri arobaini na moja pamoja na mashine ya kuzipigia. Suleimani akavuka navyo ghuba, akaviweka sebuleni, na kabla mwezi haujaisha akaaga kwamba anakwenda Nyamisati, bara, wiki moja tu, kununua injini ya mashua. Wiki hiyo sasa ina miaka mitatu. Huko ana mke mwingine na, nasikia, kibanda cha chipsi. Mwanasiti hakupewa talaka wala salamu. Aliachiwa mama mkwe, Bi Kidawa, aproni nyeupe ya upishi ikining'inia msumarini, na sanduku lile.

Mize alilifungua sanduku kwa upweke, nadhani, akalifanya shule. Kila santuri aliifuta kwa kipande cha kanga laini na maji ya mvua. Alizipanga mafungu matatu, na mafungu hayo akanieleza nilipokuwa nampunguzia gauni, ingawa sikumuuliza. Fungu la kwanza ni roki, nao aliwaita wagomvi: wanaume wanne wanaogombana kwa magitaa mpaka mmoja anashinda. Fungu la pili ni kantri. Hao aliwaita wanaolia kwa adabu, kwa sababu mtu anafiwa, anaachwa, anafukuzwa kazi, na bado kofia haimtoki kichwani. La tatu ni du-wopu, waitikiaji. Mmoja anaimba mapenzi, wenzake wanamwitikia kwa maneno yasiyo na maana katika lugha yoyote.

"Usimsikilize anayeimba, ami," aliniambia. "Msikilize yule wa nyuma kabisa anayesema *bom*. Huyo ndiye mwenye nyumba. Akinyamaza, wote wanabaki nje."

Nilimwambia nina kazi. Lakini kesho yake nilijikuta nakanyaga cherehani kwa *bom* ya yule bwana, na kwa kweli pindo lilinyooka. Si mimi tu. Niliwaona kwa macho yangu wanawake wanne, wamesimama kwenye maji ya magoti, wanafunga mwani, Mize anaimba maneno asiyoyajua nao wanaitikia "shu-wa, shu-wa" kwa uso mkavu wa watu walio kazini. Wagomvi peke yao ndio waliotusumbua. Mize akiwapiga, popo waliolala juu ya mti wao waliruka mchana kweupe, wakazunguka kijiji chote na kuchafua vitambaa vyangu. Nilikwenda kulalamika. Mize akaniuliza kama nilisikia ngoma ilivyoingia kabla popo hawajaruka. Nilikuwa nimeisikia, na ilikuwa ngoma nzuri, nikarudi nyumbani nimekasirika zaidi.

Mashine ile ilitumia umeme wa sola, bila betri, kwa hiyo waimbaji walitegemea jua. Jua likiwaka waliimba vizuri. Wingu likipita, mashine ilipungua mwendo, na kijana wa miaka ishirini akageuka mzee mbele yetu, sauti ikishuka na kuvutika. Shikeni hilo, nitalihitaji kujitetea.

Sasa Mwanasiti alichoka. Kila wimbo ulimkumbusha aliyeleta sanduku. Jumatatu akatangaza kwamba Ijumaa baada ya swala atalichukua kwa mtumbwi na kulitupa mkondoni. Mize alilia, akasusa chakula siku mbili. Jumatano akaja kwangu.

"Ami, niwekee santuri kwako. Nitakuja kuzisikiliza zikiwa kwako."

Nilimwambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Niliogopa tu kuingia kati ya mama na mwanawe, na nilimwangalia akirudi kwao mikono mitupu nikajiona mdogo.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mize aliweka santuri ya kantri, labda kwa kuaga, akaenda ufukweni mara moja kugeuza mwani uliokuwa unaanikwa. Mama yake alikuwa baharini. Bi Kidawa alikuwa kwa jirani akinywa uji. Mimi nilikuwa natia kitufe. Wingu likaja. Nikasikia kutoka nyumba ya Mwanasiti sauti nzito ya mtu aliyefikwa na makubwa, na nyuma yake kitu kinapiga mayowe juu, chini, juu, kama mwanamke aliyeishiwa maneno. Baadaye niliambiwa kwamba hilo lilikuwa gitaa.

Kwetu hakuna kuuliza "nani?" mlangoni pa msiba. Anayeuliza ni mgeni au hakulelewa. Unafika, unakaa, unasema pole, na jina la marehemu litakufikia lenyewe. Kwa hiyo sikuuliza. Nilikwenda mbio msikitini nikamwambia Maalimu Abubakari, "Msiba kwa kina Mwanasiti." Naye hakuuliza. Alitikisa kichwa, kwa kuwa Bi Kidawa ana miaka zaidi ya themanini na kifua chake tunakijua sote.

Habari ilitembea. Mafundi wa majahazi waliweka nyundo chini. Wanaume tukatandika mikeka nje, na Zubery, mkubwa wa mafundi, akachukua vijana sita kwenda kuchimba. Bi Kidawa ni mfupi, kwa hiyo walichimba kaburi fupi. Wanawake waliingia ndani na mchele, nazi, kuni na masufuria makubwa.

Mize aliporudi alikuta ua umejaa. Akadhani bibi yake kafa, akaangua kilio. Bi Kidawa mwenyewe, aliyesikia kwa jirani kwamba kwao kuna msiba, akaingia na mkongojo wake, akakaa katikati ya wanawake na kulia kuliko wote, maana alidhani ni Mize. Walipoonana walikumbatiana, wakalia upya, kila mmoja akiamini sasa ni Mwanasiti. Kisha Mwanasiti akatokea na gunia la mwani kichwani. Aliona watu, akamwona mwanawe mzima, mkwewe mzima, wote wanalia. Gunia likaanguka. Aliyebaki alikuwa mmoja tu.

"Suleimani!" alipiga ukelele. "Suleimani wangu! Nimemsamehe! Duniani na akhera nimemsamehe!"

Sisi nje tulipeana macho. Ujumbe ukatoka ndani kwamba marehemu ni Suleimani, na ukapelekwa makaburini. Suleimani ni mrefu. Zubery na vijana wake, jasho linawatoka, wakaanza kulirefusha kaburi.

Kukawa na jambo la maiti. Kama kafia Nyamisati, analetwa na boti gani? Nikajitolea, kwa sababu mimi ni mtu wa kujitolea, kupiga simu ya marehemu ili yeyote aliye na maiti atueleze. Iliita mara mbili.

"Haloo! Fundi Muhsin! Habari za siku?"

Nilimfahamu kwa sauti. Nikasema la desturi: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Lahaula! Nani tena?"

"Wewe," nikamwambia.

Sijapata kusikia kimya kama kile, cha watu mia mbili na sufuria saba. Mwanasiti alitoka ndani, macho mekundu, akaitazama simu mkononi mwangu.

"Yu hai?"

"Yu hai," nikasema.

Akamgeukia Maalimu Abubakari. "Maalimu, msamaha wangu nautaka urudi."

Maalimu alisema suala hilo linahitaji kutazamwa vitabuni.

Ndipo wote wakaanza kuuliza swali ambalo kwa adabu yetu halikuulizwa tangu asubuhi: nani basi kafa? Nami nikasimama imara. Nilisema nimesikia kilio kwa masikio yangu, ndani ya nyumba ile, mwanamume na mwanamke, na sitakubali kuitwa mwongo. Nikamwona Mize anabadilika uso. Aliingia sebuleni taratibu, akaweka sindano mwanzo wa santuri. Mwimbaji akaanza vizuri, kwa adabu. Wingu likapita. Sauti ikashuka, gitaa likapiga mayowe, na vichwa mia mbili vikanigeukia mimi.

Zubery alikuwa amerudi, udongo mpaka viwikoni. Alikasirika kuliko watu wote, maana alichimba mara mbili. Akakumbusha kwamba kaburi likishafunguliwa halifungwi tupu. Wazee wetu huzika mgomba. "Lakini mgomba una kosa gani?" akasema. "Lililotufanyia haya ni sanduku. Tulizike sanduku."

Watu wakasema naam, naam. Vijana wawili wakaingia kulitoa. Mize akawahi, akalikalia. Alikaa tu juu ya santuri zake arobaini na moja, mikono yake iliyochubuliwa na kamba imeshika kingo, akanitazama mimi, si Zubery. Mimi niliyekuwa na nafasi Jumatano. Nilitaka ardhi inimeze, na kaburi lenyewe lilikuwa tayari.

"Mwacheni," akasema Mwanasiti.

"Si wewe uliyetaka kulitupa kesho?" Zubery akauliza.

"Ndiyo. Kesho, kwa mkono wangu." Akanigeukia. "Fundi Muhsin. Suleimani alipoondoka nililia ndani ya nyumba hii mwezi mzima, tena kwa sauti. Ulinisikia?"

"Nilikusikia," nikasema.

"Ulikwenda msikitini?"

Sikwenda. Nilijua analia mwanamke aliyeachwa, na kwa aliyeachwa hatupeleki mchele. Tunapunguza tu sauti tukipita.

"Miaka mitatu sikumwona mtu na sufuria," akasema. "Leo kalia Mmarekani dakika mbili, mmejaa mpaka njiani. Sanduku haliendi popote."

Akaingia ndani, akatoka na ile aproni nyeupe, akamtupia Zubery. "Mvisheni mgomba hii. Kaburi mmeshalipima."

Zubery alimtazama Maalimu. Maalimu akagundua ana kiu, akaenda kutafuta maji. Basi mgomba ukakatwa, ukafungwa aproni kiunoni, kamba nyuma, kama Suleimani alivyokuwa akiifunga mwenyewe, ukabebwa mpaka makaburini, wanawake nao nyuma, kwa kuwa maiti hakuwapo. Uliingia kaburini bila kubana. Bi Kidawa, aliyemzaa Suleimani, alifikiri kidogo kisha akasema urefu ni wenyewe.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa Nyamisati. Mwanasiti akaichukua kabla sijanyoosha mkono.

"Suleimani," akasema, "umekufa leo saa nne. Watu wanakula. Usipige tena."

Na kweli tulikula, maana wali ulikuwa umeiva na hauna kosa. Baada ya swala ya alasiri kila mtu akachukua sufuria yake akaenda zake. Mimi nikarudi kwenye baraza yangu, nikashika kazi. Ng'ambo ya njia jua lilikuwa limewaka vizuri, na Mwanasiti, kwa mara ya kwanza tangu mashine ile ivuke ghuba, aliketi mkekani karibu nayo.

"Huyu analilia nini hasa?" nikamsikia anauliza.

"Mkewe kaondoka, mama. Na mbwa kafa."

"Na mbwa pia?"

"Na mbwa."

Mwanasiti akaisogelea mashine. "Kageuze upande wa pili," akasema. "Tusikie kama alipoa."

Niliweka mkasi chini. Nikaingia ndani kwangu, nikapima kilo mbili za mchele, nikavuka njia. Nilikaa pembeni ya mkeka, sikuuliza kitu, na hakuna aliyeniuliza.

"Pole, Mwanasiti," nikasema.

Aliupokea mchele, akauweka mapajani. "Tumeshapoa, fundi," akanijibu, na Mize akashusha sindano.